Kambi ya maskauti Nyeri na elimu ya msitu iliyosahau walimu wake

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka inapokaribia Februari 22, maskauti kutoka pembe mbalimbali za Kenya, pamoja na wenzao kutoka ng'ambo, hufunga mizigo na kushika njia ya Nyeri, mji ulio takriban kilomita 150 kaskazini mwa Nairobi.

Wafikapo hupiga kambi, huwasha moto jioni, huimba hadi sauti zikawakauka, kisha huandamana hadi makaburi ya Kanisa la St Peter's alikozikwa Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti duniani.

Kaburi lenyewe halina makuu. Kwenye jiwe lake mna jina la marehemu, beji za skauti na za Girl Guides, na duara lenye nukta katikati. Kwa asiye skauti, duara hilo ni pambo tu. Kwa skauti, ni ya mwisho miongoni mwa alama za njiani zinazofunzwa kambini. Mshale humaanisha pita hapa, msalaba humaanisha usipite hapa, na duara lenye nukta humaanisha 'nimekwenda nyumbani'.

Makala haya yanakusudia kueleza kambi za namna hii: zilianzia wapi, hufunza nini, na anayetaka kulala msituni kwa mara ya kwanza ajiandae vipi. Aidha, kuna jambo ambalo aghalabu halitajwi katika hotuba za Februari 22, nalo ni kwamba elimu hii ya msitu haikuwa zawadi iliyoletwa na Mzungu. Sehemu kubwa yake ilichukuliwa Afrika, ikaandikwa vitabuni Uingereza, kisha ikarejeshwa kwetu ikiwa imevaa kaptura.

Pembe ya Matabeleland

Baden-Powell alizaliwa London mnamo Februari 22, 1857, akawa mwanajeshi. Mwaka wa 1896 alitumwa Matabeleland, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kusaidia kuwakandamiza Wandebele waliokuwa wameasi utawala wa walowezi.

Ni katika vita hivyo alikoiva katika sanaa ya upelelezi: kusoma nyayo, kutambua nyasi zilizolazwa na mguu wa mtu na zile zilizolazwa na umande, kusafiri usiku, na kulala bila kuwasha moto. Miongoni mwa waliokuwa naye alikuwepo Mwafrika aliyeitwa Jan Grootboom, mpelelezi hodari ambaye Baden-Powell mwenyewe alimsifu katika maandishi yake. Leo ni nadra kumpata skauti wa Kenya anayelijua jina hilo.

Katika vita hivyo vilevile ndimo alimopata pembe ya tandala. Mnamo Agosti 1907, alipowakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, kwa kambi ya majaribio ambayo ndiyo chimbuko la uskauti, aliwaamsha kwa kuipuliza pembe hiyo ya Kiafrika.

Wavulana hao walichanganywa makusudi, wengine wakiwa wa shule za matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi. Walifunzwa kupika, kufunga mafundo ya kamba, kufuata nyayo na kuzima moto. Mwaka uliofuata, 1908, kikatoka kitabu chake kilichoueneza uskauti duniani kote.

Afrika haikuwa chemchemi pekee. Nchini Marekani, Ernest Thompson Seton alikuwa tangu 1902 akiwafunza wavulana maisha ya porini kwa kuiga desturi za wenyeji asilia wa bara hilo, na Baden-Powell alichota huko pia. Hata hivyo, kumbukumbu ya Afrika ndiyo iliyokaa kifuani. Kozi ya kwanza ya viongozi wa skauti ilipofanyika Gilwell Park, Uingereza, mwaka wa 1919, waliohitimu walitunukiwa shanga za mbao zilizotolewa katika mkufu unaohusishwa na Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Hadi leo viongozi waliohitimu mafunzo hayo huvaa shanga zilizoigwa kutoka kwa zile.

Vita vya 1896 viliacha doa pia. Chifu mmoja wa huko, Uwini, akiwa ametekwa, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi kisha akapigwa risasi kwa idhini ya Baden-Powell. Uchunguzi uliofanywa na Waingereza wenyewe ulimwondolea lawama, lakini suala hilo halijafa. Mwaka wa 2020, sanamu yake iliyoko Poole, mkabala na kisiwa cha Brownsea, ilibidi ifunikwe kwa mbao kutokana na hofu kwamba waandamanaji wangeiangusha.

Uskauti uliingia Kenya mnamo 1910. Mwasisi wake alirudi kuishi Nyeri mwaka wa 1938, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan ya Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani aliwahi kuwa karani wake. Aliiita Paxtu. Alifia humo Januari 8, 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Majivu ya mkewe, Olave, yalizikwa kando yake baada ya bibi huyo kufariki mwaka wa 1977.

Walimu wa upande wa pili

Ukisimama Nyeri na kutazama mashariki asubuhi kukiwa hakuna mawingu, unauona Mlima Kenya. Ukigeukia magharibi, unaiona milima ya Nyandarua ambayo wengi huiita Aberdare. Kati ya milima hiyo miwili ndiko kulikofanyika kambi kubwa kuliko zote katika historia ya nchi hii, nayo haikuwa ya burudani.

Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 20, 1952, maelfu ya wanaume na wanawake waliingia katika misitu hiyo na kuishi humo kwa miezi, wengine kwa miaka. Hawakuwa na hema wala mfuko wa kulalia. Walikuwa wakiwindwa ardhini na kupigwa mabomu kutoka angani.

Baadhi yao walikuwa wamesomea ujuzi huo mbali. Waruhiu Itote, aliyejulikana zaidi kama Jenerali China na aliyewaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya hadi alipotekwa Januari 1954, alikuwa amepigana katika misitu ya Burma akiwa askari wa King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Karari wa Njama alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia msitu wa Nyandarua. Kitabu alichoandika pamoja na Donald Barnett, kilichochapishwa 1966, ni miongoni mwa masimulizi ya kina zaidi kuhusu maisha ya huko.

Walijifunza kupika kwa kuni kavu zisizofuka moshi, tena katika saa ambazo moshi hauonekani. Nguo zilipochakaa walishona mavazi ya ngozi za wanyama. Asali iliwafaa kwa kuwa haiharibiki. Walijenga vibanda vya mianzi na kuvihama kabla havijajulikana. Barua ziliachwa katika mapango ya miti, na uko mti wa mugumo ndani ya mbuga ya Aberdare unaokumbukwa hadi leo kwamba ulikuwa posta yao.

Pua zao nazo zilizoea msitu kiasi kwamba harufu ya sabuni au sigara ya askari iliwafikia kabla ya askari mwenyewe. Mgeni wa leo anayejipulizia manukato kabla ya kuingia msituni na kutaraji kuona wanyama angefanya vyema kulifikiria hilo.

Ushahidi mkubwa zaidi wa ujuzi wao umetoka kwa maadui zao. Baada ya miaka minne ya kutumia ndege, handaki refu lililochimbwa kando ya msitu kuutenga na vijiji, na vikosi vya wanajeshi, serikali ilimsaka Dedan Kimathi kwa kuwatumia wapiganaji waliotekwa na kugeuzwa. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuzifuata nyayo zile. Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu Oktoba 21, 1956, akiwa amevaa ngozi ya chui.

Alinyongwa Kamiti mnamo Februari 18, 1957. Yaani katika kalenda ya Nyeri siku nne tu ndizo zinazotenganisha kumbukumbu ya mabwana hawa wawili wa msitu. Mmoja ana kaburi lenye alama inayosema amekwenda nyumbani. Mwingine kaburi lake halijulikani liko wapi ndani ya ardhi ya gereza.

Chama cha Mau Mau kiliendelea kupigwa marufuku hata baada ya uhuru, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka wa 2003 pekee. Haishangazi basi kwamba kwa miaka 40 hakuna kiongozi wa skauti aliyethubutu kumwalika mzee wa msituni aje kambini kuwafunza vijana namna ya kukoka moto usioonekana.

Sasa muda umeyoyoma. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal na ambaye hakutoka msituni hadi uhuru ulipopatikana 1963, aliishi papa hapa Nyeri hadi alipofariki Septemba 2023. Ni vigumu kukisia ni mambo mangapi kuhusu mimea, maji na baridi ya Nyandarua yaliyozikwa pamoja naye. Waliobaki ni wachache, nao ni wakongwe.

Mahali pa kulaza ubavu

Anayekwenda kambini leo hakimbizwi na mtu, ila msitu ni uleule. Jambo la kwanza ni kuchagua mahali pa hema, na hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi.

Mwandishi wa makala haya aliwahi, akiwa mwanafunzi, kupiga hema kwenye kibonde kwa sababu nyasi zilikuwa laini kama godoro. Ilikuwa likizo ya Aprili. Saa nane za usiku mvua ilinyesha, na ndipo ilipobainika kwa nini nyasi za pale zilistawi kuliko za kwingineko. Tulikesha tumesimama.

Tafuta mahali palipoinuka kidogo, palipo tambarare, na penye udongo usiotuamisha maji. Kisha tazama juu. Tawi lililokauka, au mti uliokufa ukiwa umesimama, waweza kuanguka usiku usio na upepo wowote. Usilale kwenye mkondo wa mto hata kama ni mkavu, kwa kuwa mvua iliyonyesha mlimani hukufikia bila kupiga hodi.

Tazama chini pia. Njia nyembamba iliyokanyagwa vizuri ndani ya kichaka haikutengenezwa na wanakijiji. Ni barabara ya ndovu au nyati, nao huitumia usiku. Ukiona safu ya siafu, hama mapema. Wenyeji huzungushia majivu kando ya mahali pa kulala, lakini dawa ya hakika ni kutokuwepo katika njia yao.

Baridi

Watu wengi hudhani kwamba maadamu Kenya iko kwenye ikweta, baridi haiwezi kuua mtu. Mji wa Nyeri wenyewe uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi sita na nusu. Kambi iliyo mita 2,500, kwenye ukanda wa mianzi, ina usiku tofauti kabisa na wa mjini.

Baridi ya kambini aghalabu hutoka ardhini wala si hewani. Blanketi mbili juu ya mwili hazifui dafu iwapo chini yako mna turubai tupu, kwa kuwa udongo hunyonya joto usiku kucha. Weka kitu kinene chini kabla ya kufikiria cha kujifunika. Nyasi kavu au majani makavu yaliyojazwa ndani ya gunia yanatosha.

Nguo iliyolowa ni adui. Pamba hushika maji na kukaa nayo, ilhali sufu humpa mtu joto hata ikiwa na unyevu. Wapiganaji wa miaka ya hamsini hawakuvaa ngozi kwa ajili ya kutisha watu.

Dalili za mtu anayepungukiwa na joto la mwili ni kutetemeka kusikoisha, kuongea kama mlevi, kujikwaa, na kufanya mambo yasiyo na maana kama vile kukataa kuvaa sweta. Mvue nguo zilizolowa, mfunike, mkinge na upepo, na ikiwa yuko macho na anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimpe pombe. Humfanya ajihisi ana joto huku joto lenyewe likimtoka. Akiacha kutetemeka bila kupashwa joto, usishangilie. Hali imekuwa mbaya zaidi na anahitaji hospitali.

Halafu kuna lile kosa linaloendelea kuwaua Wakenya kila msimu wa baridi, yaani kuingiza jiko la makaa mahali pa kulala. Ndani ya hema ni hatari zaidi kuliko hata ndani ya nyumba. Makaa yanayoonekana yametulia hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta hulala usingizi asiamke. Hakuna baridi inayohalalisha jambo hilo.

Kupekecha

Moto ndio moyo wa kambi, na ndio unaowavuta hata watu wazima kutoka mijini. Barani Ulaya siku hizi kuna mikusanyiko ambapo watu hulipa fedha na kukaa msituni siku kadhaa ili wafunzwe kuwasha moto bila kiberiti. Mzee wa Kisamburu akielezwa hilo atacheka, maana kwake ni kazi ya dakika moja anapochunga mifugo.

Kiswahili kina neno lake kwa kitendo hicho, nalo ni kupekecha. Kijiti kirefu kinachozungushwa huitwa ulindi. Hicho huwa kigumu. Ubao wa chini huwa wa mti mwororo zaidi na mkavu kabisa, na hutobolewa kishimo chenye pengo upande mmoja. Katika jamii nyingi za Kenya, kijiti cha juu huitwa mume na ubao huitwa mke.

Ulindi husimamishwa kishimoni na kuzungushwa kati ya viganja huku ukisukumwa chini. Mikono ikifika chini hurudishwa juu upesi bila kupoteza mzunguko, ndiyo maana wengi hufanya kazi hii wawili wawili, mmoja akipokea mwenzake anapochoka. Unga mweusi hujikusanya kwenye pengo. Moshi unapoanza kufuka, anayejifunza huwa na furaha na kuacha, na hapo ndipo anapopoteza kila kitu. Inafaa kuendelea hadi unga wenyewe ufuke moshi ulindi ukiwa umeondolewa.

Ndipo kaa hilo dogo humiminwa ndani ya kitita cha kitu kikavu chenye nyuzi, likafunikwa na kupulizwa polepole. Katika misitu ya Nyeri, ganda lililokufa la mutarakwa, ambao ni mwerezi wetu, huambuka kwa nyuzi nyuzi na ukilisugua viganjani hupata kitu kama pamba. Mara ya kwanza niliambulia malengelenge viganjani. Mara ya tano nikapata moshi. Simwahidi msomaji chochote zaidi ya hapo, na ninapendekeza kiberiti kiwe mfukoni, kimefungwa kisilowe.

Kuhusu kuni, kijiti kilicho chini kimenyonya unyevu. Tafuta matawi yaliyokufa ambayo yamenasa juu ya vichaka. Kikivunjika kwa mlio, ni kikavu, na kikipinda kiache. Panga vikiwa vitatu: vya unene wa njiti ya kiberiti, vya unene wa kidole, na vya unene wa kifundo cha mkono. Kusanya mara mbili ya unavyodhani vitatosha kabla ya kuwasha chochote. Hata hivyo, usikate mti ulio hai, na usiokote kuni mahali ambapo sheria za mbuga au msitu zimekataza. Huko nenda na jiko la gesi.

Sasa upande wa pili wa moto. Februari ni mwezi wa kiangazi katika eneo hili, na miezi ya Januari hadi Machi ndiyo ambayo mioto mikubwa huizuka milima hii. Mnamo Machi 2012, Mlima Kenya uliwaka kwa siku nyingi na maeneo makubwa ya msitu na nyika ya juu yakateketea. Kwa hivyo, kambi kubwa ya mwaka hufanyika wakati ule ule ambapo cheche moja ni hatari zaidi.

Moto wa kambi ukokwe mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Ondoa majani na nyasi hadi udongo uonekane, upana wa hatua tatu kila upande. Usiwashe juu ya mizizi wala kwenye udongo mweusi wenye majani yaliyooza, kwa sababu moto waweza kutambaa chini ya ardhi na kuzuka kwingine siku kadhaa baada ya wenyewe kuondoka. Ndoo ya maji iwe karibu kabla kiberiti hakijatolewa. Mtu mmoja apewe jukumu la moto na asiondoke hadi apokewe.

Maji, choo na chakula

Maji ya mlimani huwa maangavu na huonja vizuri, na hayo mawili hayana uhusiano wowote na usalama wake. Juu kidogo ya mto waweza kuwepo mzoga, au kambi nyingine. Yachemshe hadi yatokote. Ukiwa zaidi ya mita 2,000 yaache yatokote kwa dakika tatu, kwa kuwa huko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100.

Choo kiwe umbali usiopungua mita 60 kutoka kwa maji, hatua kama 80 za mtu mzima. Kambi ya watu wengi inahitaji shimo la pamoja lenye kufunikwa kwa udongo kila linapotumiwa.

Kuhusu kula mimea ya msituni, ushauri ni mfupi. Thabai, ule mmea uwashao, ukipikwa huacha kuwasha na ni mboga nzuri ambayo wenyeji huiponda pamoja na viazi. Uyoga usioujua, usiuguse. Hakuna uyoga wenye thamani ya ini lako.

Kibali na wenye msitu

Msitu wa serikali hauingiwi tu kwa sababu uko karibu na barabara. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kuingia, kupiga kambi au kuwasha moto katika msitu wa umma bila kibali. Kibali cha msitu hutolewa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na ndani ya mbuga ya taifa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Zungumza nao mapema. Askari wa doria anayejua mko wapi ndiye atakayewatafuta mkipotea.

Ua wa umeme wenye urefu wa takriban kilomita 400 unaoizunguka Aberdare ulikamilika mwaka wa 2009. Nje yake ndovu si tishio la kila usiku. Ndani yake, usitoke hemani gizani bila tochi na mwenzako, na usilale na chakula. Fisi na nyani wana pua nzuri kuliko subira yako. Ukikutana na nyati aliye peke yake, usimpigie kelele wala usimkimbilie umpige picha. Rudi nyuma polepole na utafute mti mnene.

Tangu Juni 5, 2020, chupa za maji za plastiki na vyombo vingine vya plastiki vinavyotumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Beba chupa ya chuma. Takataka zote zirudi nawe mjini, hata ganda la yai.

Kwa viongozi wa skauti wanaopanga ratiba ya Februari, kuna ombi. Siku ya kulala moja au mbili kabla ya maandamano ya kaburini, watafuteni wazee wa Tetu, Mathira au Kieni ambao wazazi wao, au wao wenyewe, walipita katika misitu hii miaka ya hamsini. Wawekeni kando ya moto kabla ya nyimbo kuanza. Waulizeni walipika saa ngapi, walilala wapi mvua ilipopiga, na walijuaje kwamba kuna mtu amepita. Mtoto mmoja na awe na daftari.

Asubuhi ya kuvunja kambi, mwageni maji juu ya makaa, koroga majivu kwa kijiti, mwageni tena. Kisha mwenye jukumu la moto apige magoti na kuweka mgongo wa mkono wake katikati ya majivu hayo. Akihisi joto lolote, mtu atumwe mtoni na ndoo.